Mikopo ya elimu ya juu: anayeonekana ndiye anayepewa, ndiye anayelipa

Msimu wa maombi ya mkopo ukifika, steshenari za mjini hazilali. Vijana waliomaliza kidato cha sita wanapanga foleni na bahasha za kaki mkononi: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa usajili, RITA, cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, nakala ya kitambulisho cha mdhamini, namba ya kaya kwa waliomo kwenye mpango wa TASAF. Fomu inajazwa mtandaoni, kisha inachapwa, inasainiwa na kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, inagongwa muhuri wa hakimu au wakili, inaskaniwa na kupandishwa tena kwenye mfumo. Ada ya maombi ni shilingi 30,000 na hairudishwi, upate usipate.

Hivyo ndivyo mkopo wa serikali ya Tanzania unavyoanza, kwenye makaratasi. Na unaishia huko huko, maana mwanafunzi akishahitimu, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu itamtafuta kupitia hati ya mshahara. Katikati ya karatasi hizo mbili kuna maisha ambayo kwa sehemu kubwa hayaandikwi popote. Baba analima ekari mbili na kufuga mbuzi, mama anauza vitumbua, na kijana mwenyewe, shahada mkononi, huenda akaishia kufundisha tuisheni huku akiuza nguo za mtumba kwa simu. Kwa maoni yangu, mazuri na mabaya mengi ya mikopo hii, hapa kwetu na kwa majirani, yanatokana na pengo hilo.

Msaada wenyewe si mdogo, na anayeubeza hajakaa chuoni na njaa. Bodi inalipa ada, yote au sehemu yake kulingana na uhitaji wa mwanafunzi, na fedha hiyo huenda moja kwa moja chuoni. Inatoa fedha za vitabu na viandikwa, za mahitaji maalumu ya kitivo, za utafiti na za mafunzo kwa vitendo. Kisha kuna fedha ya chakula na malazi, ile ambayo kwa lugha ya vyuoni ni bumu. Miaka ya karibuni imepandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, nayo hutolewa kwa awamu baada ya mwanafunzi kusaini.

Watu wa nje ya vyuo hudhani ada ndiyo mzigo mkubwa. Hesabu inasema vingine. Ada ya kozi nyingi zisizo za sayansi katika vyuo vya umma iko karibu na shilingi milioni 1 hadi 1.5 kwa mwaka. Shilingi 10,000 kwa siku, kwa miezi minane ya masomo, ni shilingi milioni 2.4. Yaani kula na kulala kunamgharimu mwanafunzi wa aina hiyo zaidi kuliko kufundishwa. Familia ya Kasulu au Newala inaweza kuuza mazao ikapata ada ya muhula mmoja. Kumlisha mtoto Dar es Salaam kila siku kwa miaka mitatu hakuwezekani kwa njia hiyo. Uganda, ambako bodi ya ugharamiaji wa elimu ya juu iliundwa kwa sheria ya 2014, mkopo umejikita kwenye ada na michango ya chuo, na kujikimu kumeachwa kwa mwanafunzi na ndugu zake. Ukinitaka nichague, nitachagua mfumo wa Tanzania katika hilo, ingawa ni wa gharama zaidi.

Ndiyo maana bumu likichelewa chuo kizima kinajua. Mama ntilie wa karibu na hosteli wanafungua daftari la madeni, wenye vyumba vya kupanga wanaanza kugonga milango, na viongozi wa serikali za wanafunzi wanapata kazi ya kufanya. Wanafunzi wengine hutuma sehemu ya bumu nyumbani, kwa mdogo anayesoma sekondari. Hilo wakubwa hulilalamikia kama matumizi mabaya. Mimi naona ni familia inayogawana kipato pekee kinachoingia kwa tarehe inayojulikana.

Serikali haikuanza na mikopo. Baada ya uhuru elimu ya chuo kikuu ilikuwa bure kwa aliyechaguliwa, na waliochaguliwa walikuwa wachache mno. Lakini hata wakati huo swali la kurudisha lilikuwepo. Mwaka 1966 serikali iliamua kuwa wahitimu wapitie Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa miezi 18 ya utumishi huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara wao. Oktoba mwaka huo wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam waliandamana kupinga. Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tukio hilo husimuliwa kama kisa cha ukali wa Mwalimu na kiburi cha wasomi. Ukilitazama kwa jicho la mhasibu, lilikuwa ugomvi wa kwanza nchini kuhusu makato ya mhitimu, na asilimia 60 iliyopendekezwa kukatwa wakati ule ilikuwa mara nne ya asilimia 15 wanayoilalamikia walimu wa leo.

Mwaka 1974 nchi mbili jirani zilichukua njia tofauti. Katika Azimio la Musoma, chama tawala cha Tanzania, TANU, kiliamua kijana afanye kazi angalau miaka miwili ndipo aingie chuo kikuu. Yaani alipe jamii kwa jasho kwanza, asome baadaye. Kenya mwaka huo huo ilianzisha mpango wa mikopo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu chini ya Wizara ya Elimu. Fedha zilitolewa, lakini hakukuwa na chombo cha kisheria cha kuzidai, na wengi walizichukulia kama sadaka ya serikali. Ilibidi Bunge litunge sheria ya kuunda bodi ya mikopo ya Kenya, HELB, mwaka 1995, ikabidhiwe na kazi ya kuwasaka waliokopa tangu miaka ya sabini. Tanzania ilirudi kwenye suala hilo miaka ya tisini, uchumi ulipobana na sera ya kuchangia gharama ikaingia. Mikopo ilianza mwaka wa masomo 1994/95 chini ya wizara, na kosa likawa lile lile la Kenya: kutoa bila kudai. Sheria Namba 9 ya 2004 iliunda Bodi, ikaanza kazi Julai 2005. Zanzibar ikaunda ya kwake mwaka 2011.

Tangu hapo fungu limekua kwa kasi. Bajeti ya mikopo ilikuwa shilingi bilioni 464 mwaka 2020/21, ikapanda hadi 570 mwaka uliofuata, na kufikia 787 mwaka 2024/25. Wanufaika kwa mwaka wamepita 200,000. Lakini wanaomaliza kidato cha sita nao wameongezeka, matunda ya shule za kata na elimu bila ada. Kwa hiyo swali la nani apewe halijawahi kutulia.

Hapo ndipo karatasi zinapoanza kuuma. Bodi haina njia ya kwenda kuangalia nyumba ya kila mwombaji imeezekwa kwa nini. Inachoweza kufanya ni kusoma vielelezo, kuvipa uzito na kumpanga mwombaji kwenye mstari. Yatima aliye na cheti cha kifo cha mzazi anajulikana. Mwenye ulemavu uliothibitishwa na daktari anajulikana. Kaya iliyo kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF inajulikana, na hilo kwa kweli ni jambo jema, kwa sababu pale serikali inatumia orodha ambayo wanakijiji wenyewe walishiriki kuiandaa. Lakini kifo kina cheti, kutelekezwa hakuna. Mtoto ambaye baba yake aliondoka kwenda machimboni miaka kumi iliyopita na hajaonekana tena, kwenye mfumo ana wazazi wawili walio hai. Kijana aliyelipiwa shule binafsi na mjomba ambaye sasa hana kazi anabeba historia ya ada kubwa ambayo hata siku moja haikuwa fedha ya kwao. Kuna dirisha la rufaa, na wapo wanaoinuliwa kupitia hilo. Ila rufaa nayo inataka kielelezo.

Sensa ya 2012 ilionyesha kuwa waliokuwa na vyeti vya kuzaliwa Tanzania Bara walikuwa takriban asilimia 13 tu. Mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata ulianza 2013, na watoto wake wa kwanza ndio kwanza wako sekondari. Kijana anayeingia chuo leo alizaliwa kabla ya hapo. Kwa wengi wa kizazi chake cheti kilitafutwa kwa ajili ya mkopo: safari ya wilayani, kiapo, uhakiki, majina mawili ya baba yasiyofanana. Aliyesoma mjini, mwenye mwalimu wa taaluma anayejua tarehe na taratibu, huandaa faili safi. Wa kijijini hufika dirisha likikaribia kufungwa. Sidhani kama kuna mtu Bodi aliyepanga iwe hivyo. Lakini kipimo cha umaskini kinachodai nyaraka kina tabia ya kumpa maksi yule anayeishi karibu na ofisi zinazozitoa.

Kenya imejaribu dawa kali zaidi. Zamani mwanafunzi aliyechaguliwa na serikali alilipa ada ya shilingi 16,000 za Kenya kwa mwaka, hazina ilifidia chuo kwa sehemu kubwa ya kilichobaki, na HELB ilimkopesha kidogo kwa matumizi. Vyuo vikazama kwenye madeni kwa sababu fidia haikuwa ikifika yote. Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya: fedha imfuate mwanafunzi, iwe mchanganyiko wa ufadhili, mkopo na mchango wa kaya, kulingana na chombo cha kupima uwezo. Katika madaraja ya 2024, mwanafunzi wa daraja la chini kabisa alipangiwa ufadhili wa asilimia 70, mkopo asilimia 25 na familia asilimia 5. Wa daraja la juu familia yake ilitakiwa ichangie asilimia 40.

Kwenye karatasi ni mpango wa haki kuliko ule wa zamani, ambapo mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa kibarua walilipa ada ile ile. Matatizo yalianza pale barua zilipotoka. Wanafunzi kutoka kaya duni walijikuta kwenye madaraja ya wenye nacho, na ada iliyoandikwa kwenye barua ilikuwa gharama kamili ya kozi, tarakimu ambazo familia hazijawahi kuziona. Mwaka 2024 yalifuata maandamano, kamati na rufaa za kubadilisha daraja. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu jijini Nairobi ikatamka kuwa mfumo huo unakiuka katiba, na kesi ikapanda ngazi ya juu. Ninachokiona mimi katika sakata hilo ni kwamba kadiri kipimo kinavyopewa nguvu ya kuamua mambo mengi, ndivyo kosa lake linavyokuwa ghali. Tanzania kosa la kipimo linamnyima mtu sehemu ya mkopo. Kenya lilimpandishia bei ya shahada yenyewe.

Sasa upande wa pili wa karatasi, kulipa. Sheria ya awali ya Tanzania ilizoeleka kwa makato ya asilimia 8 ya mshahara. Juu ya deni kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya fedha, asilimia 6 kwa mwaka, na faini ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa. Tuchukue mfano wa mtu anayedaiwa shilingi milioni 12 na mshahara wa 700,000 kwa mwezi. Asilimia 8 ya mshahara ni 56,000. Asilimia 6 ya deni kwa mwaka ni 720,000, sawa na 60,000 kwa mwezi. Mtu huyo alikuwa anakatwa kila mwezi, miaka nenda miaka rudi, na deni linaongezeka. Walimu waliokuwa wakishika vichwa mbele ya taarifa zao za madeni hawakuwa na tatizo la hisabati.

Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa, makato yakapanda hadi asilimia 15, na yakawahusu hata wale waliokopa wakijua watakatwa 8. Hasira iliyofuata haikuwa ya kubuni. Hata hivyo, katika mfano wetu, asilimia 15 ni shilingi 105,000, na sasa deni linashuka: kwa tozo ile ile lingemalizika baada ya miaka 14 hivi. Kisha Mei Mosi ya 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza tozo ya asilimia 6 ifutwe, na faini ya asilimia 10 ikafuata njia hiyo. Deni lile lile sasa linakwisha kwa miaka tisa na nusu. Kati ya mambo yote yaliyofanyiwa mikopo hii ndani ya miaka ishirini, hilo ndilo lililogusa mifuko ya wengi kwa siku moja.

Tumalizie hesabu ya mshahara huo, maana wengi hawaijui hadi waipokee. Mwalimu wa 700,000 anakatwa 105,000 za Bodi, 35,000 za mfuko wa pensheni, 21,000 za bima ya afya na 14,000 za chama cha walimu. Kodi ya mapato inakuwa kama 49,000. Anabaki na 476,000. Bodi inachukua zaidi ya mara mbili ya kile inachochukua mamlaka ya mapato, TRA, kwenye kodi ya mshahara wake. Kwa mtu wa kipato hicho, miaka tisa ya mwanzo wa kazi, miaka ya kuoa, kujenga na kulea, mkopo ndiyo kodi yake kubwa kabisa. Aliyezaliwa kwenye familia iliyomlipia ada hana kodi hiyo, hata wakikaa ofisi moja na meza zikatazamana.

Kuondoa riba nako kuna bei, ingawa haipo kwenye hati ya mtu yeyote. Shilingi inayorudi baada ya miaka kumi si ile iliyotoka. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 4 kwa mwaka, shilingi 100 ya leo itanunua vitu vya shilingi 68 tu baada ya miaka kumi. Tofauti hiyo inafidiwa na Hazina, yaani na walipakodi wote, wakiwemo wale ambao watoto wao hawakufika kidato cha nne. Mimi sina ugomvi na ruzuku hiyo. Ninachotaka ni iitwe ruzuku, ijulikane ukubwa wake, na bajeti ijadiliwe hivyo, badala ya kuimbiwa kila mwaka kwamba mfuko utajiendesha kwa marejesho.

Kenya ilibakiza riba, ya asilimia 4, na ikaongeza rungu. Anayechelewa kulipa HELB hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, na kwa muda mrefu aliyeomba kazi ya umma aliulizwa cheti cha kutodaiwa. Mhitimu asiye na kazi alitozwa faini kwa kutolipa kwa sababu hana kazi, halafu alihitaji cheti ili apate kazi ya kulipia faini. Haishangazi kwamba HELB yenyewe imelazimika zaidi ya mara moja kutangaza msamaha wa faini ili watu wajitokeze.

Na aliyejiajiri? Kwa mwajiriwa mambo ni mepesi kwa Bodi: mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya mfanyakazi mpya mwenye shahada ndani ya siku 28, kisha anakata na kuwasilisha. Kwa asiye na mwajiri, kanuni ilimtaka alipe kiasi kisichopungua shilingi 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya mapato yanayotozwa kodi. Weka kiwango hicho kando ya kile cha mwajiriwa. Mwenye mshahara wa 400,000 anakatwa 60,000. Mwenye genge la matunda au studio ya picha anayepata 400,000 hiyo hiyo anadaiwa 100,000, tena aende mwenyewe kutafuta namba ya malipo. Ili 100,000 iwe sawa na asilimia 15, ni lazima aingize karibu 667,000 kila mwezi, mvua ije isije. Sheria inamwambia kimyakimya akae alipo, asionekane.

Australia hutajwa sana na wataalamu kama mfano wa kuigwa. Mwaka 1989, kwa ubunifu wa mchumi Bruce Chapman, nchi hiyo ilianza kumdai mhitimu kupitia mamlaka ya kodi, na tu pale kipato chake kinapovuka kiwango fulani. Kikishuka, madai yanasimama yenyewe. Ni mpango mzuri, na nauonea wivu. Lakini unasimama juu ya mamlaka ya kodi inayoona kipato cha karibu kila mtu mzima. Sisi mamlaka ya kodi inamwona mwajiriwa vizuri, mwenye duka la leseni nusunusu, na mwenye bodaboda wakati wa ukaguzi barabarani. Kuchukua kanuni ya Australia bila macho yake kungeturudisha kwa mwalimu yule yule wa 700,000.

Bodi kwa sasa inategemea kufichuliwa: kampeni za kuwahimiza wananchi na waajiri wawataje wanaodaiwa, kuunganisha mifumo na taasisi nyingine, kusaka majina kwenye orodha za watumishi. Namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, inasaidia, na laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo kumpata mtu si kazi ngumu kama ilivyokuwa. Ugumu umehamia kwenye kiwango anachodaiwa akishapatikana. Mtu wa kipato cha msimu angelipa kirahisi zaidi kwa simu, kidogo kidogo, korosho zikiuzwa au harusi zikianza, kuliko kwa kima cha chini cha kila mwezi kilichopangwa kana kwamba naye ana tarehe ya mshahara.

Jambo hili lina haraka kuliko linavyoonekana. Mwaka 2023/24 Tanzania ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo za afya, ualimu wa sayansi na ufundi. Ni hatua niliyoisubiri, kwa sababu fundi sanifu ana haki sawa na mwanasheria ya kusomeshwa na nchi yake. Lakini wahitimu wake hawataingia wote kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Wengi watafungua karakana, watakodi fremu za maduka ya dawa, watazunguka na vifaa vyao kwenye begi kutoka mnada hadi mnada. Kundi la kwanza limeshaanza kutoka vyuoni, na kanuni inayowasubiri bado ni ile ya shilingi 100,000.